Siku Bibi Alipoondoa Ngazi

Juzi nilikuwa Randburg, nimesimama kwenye foleni ya teksi, nikasikia harufu. Muuza matunda mmoja alikuwa ametupa zabibu zilizoharibika kwenye ndoo nyuma ya meza yake, jua limezipiga tangu asubuhi, nazo zilikuwa zimeanza kuchachuka. Ni harufu tamu yenye ukali, inayopanda puani na kukwama pale juu kama chafya isiyotaka kutoka. Watu walikuwa wakipita na kugeuza nyuso.  Mimi nilikaa kwenye ukingo wa barabara, mtu mzima mwenye mtoto, na teksi yangu ikaondoka bila mimi.

Ngoja niwaambie kwa nini.

Nilikulia katika shamba la mizabibu. Najua wengi mtashangaa, maana Johannesburg watu huijua kwa migodi ya dhahabu na kwa foleni za magari, hakuna anayeijua kwa divai. Lakini ukipita Diepsloot, pale nyumba za mabati zinapokwisha na vilima vinapoanza, kuna mteremko unaotazama upande wa kusini, usiopata jua kali. Mzee mmoja wa Kizungu alipanda mizabibu pale kwa kujifurahisha. Babu yangu aliajiriwa kumkatia majani. Siku moja mzee akamkuta anapogoa mzabibu kwa kisu cha jikoni, akaona namna anavyoshika tawi, akamuuliza amejifunzia wapi. Babu alikuwa amejifunzia kwa mapadri wa misheni, kwenye milima ya Kivu, ambako walilima zabibu za divai ya misa. Mzee yule alipofariki, watoto wake walioishi ng'ambo wakampangisha Babu shamba lote. Hivyo ndivyo familia ya Wakongo waliokimbia vita ilivyojikuta inatengeneza divai.

Lilikuwa shamba la baridi. Mwezi wa Julai asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, maji yameganda ndani ya mpira wa kumwagilia, na sisi tukipogoa kwa vidole ambavyo hatuvisikii. Nikilalamika, Babu aliniambia, "Zabibu ya joto inasema haraka. Ya baridi inafikiri kwanza." Na mizabibu yenyewe aliizungumzisha Kifaransa, maana ndivyo mapadri walivyomfundisha, akaamini haitaelewa lugha nyingine.

Bibi naye alikuwa kinyume. Ukimsemesha Kiingereza hakusikii. Mimi nilirudi kutoka shule kinywa kimejaa Kiingereza na Kizulu, nikaomba mkate, naye akaendelea kumenya viazi kana kwamba upepo umepita. Mpaka niseme, "Bibi, naomba mkate," ndipo aliinua kichwa, "Ah, kumbe uko hapa!" Kiswahili ninachowaandikia sasa nimekinunua kwa njaa.

Alikuwa mwanamke mnene, mzito, mwenye mikono ya kukanda. Na alikuwa na usemi wake mmoja tuliouchoka: "Ukiona mbuzi amelala shimoni, usimwendee. Ita watu." Alitwambia tukienda shule, tukienda kuogelea, hata tukienda dukani. Baba mdogo Bahati, mtoto wake wa mwisho, alimtania: "Mama, huku mbuzi wako buchani. Wamelala kweli, lakini wana bei."

Baba mdogo alikuwa hivyo. Aliimba akifanya kazi, akitembea, akila. Baba yangu, Justin, alikuwa kaka yake, mrefu, mkimya. Kama angesema maneno mengi kwa siku, basi ni kumwambia Bahati anyamaze. Mama yangu ndiye aliyeuza. Makanisa yetu ya Kikongo ya Jeppestown yalichukua divai kwa ajili ya meza ya Bwana, na kila Jumamosi Mama alifunga kitambaa kipya na kupeleka chupa kwa pikapu. Jirani yetu wa pekee alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Tanga, mwenye duka dogo la spaza kwenye njia panda. Hakuwahi kukanyaga ghala letu la divai. Lakini zabibu alizipenda sana. Alisema, "Nileteeni zikiwa bado na akili zao."

Sasa niwapeleke kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa likizo ya Januari, wakati wa kuvuna. Mchana mawingu yalianza kujipanga upande wa magharibi, yale mazito yenye rangi ya kijani tumboni. Mtu wa huku anajua maana yake. Ni mvua ya mawe. Ikipiga shamba la mizabibu, kazi ya mwaka mzima inakuwa matope kabla hujamaliza kusema eish. Babu alitazama juu, akavua kofia, akasema, "Tuvune zote. Sasa hivi."

Tulivuna kama watu wanaokimbia moto. Mama, Babu, Bibi, Baba, Baba mdogo na mimi, tukikata na kujaza makreti, jasho na wadudu machoni. Zabibu zikarundikana uani, joto likiwa kali kabla ya tufani, nazo zikaanza kulegea na kutoa maji. Ndipo ikaonekana shida. Ghalani tulikuwa na matangi makubwa ya saruji yaliyojengwa na yule mzee, marefu kuliko mtu. Mawili yalikuwa yamejaa zabibu zilizokuwa zikichachuka, zikitoa povu. La tatu divai yake ilikuwa imeshatolewa, lakini makapi yalikuwa bado chini, mlima wa maganda na mbegu. Mpaka litolewe makapi, mavuno hayana pa kwenda.

Kwa kawaida makapi yalitolewa kwa mlango mdogo wa chuma uliokuwa chini ya tangi. Msimu ule bawaba zake zilikuwa zimekamatana kwa kutu. Kwa hiyo Baba mdogo akapanda ngazi ya nje, akashuka kwa ngazi ya ndani, na koleo begani. Zamani kabla ya mtu kuingia, Babu aliteremsha mshumaa ndani ya kopo. Ukizimika, ujue hewa mbaya ya zabibu zinazochachuka imejaa mle, hakuna anayeshuka. Lakini tangu tuliponunua feni kubwa ya kupuliza hewa, mshumaa ulikuwa umesahaulika. Siku ile feni ilikuwa inanguruma vizuri. Baba alisimama juu ya ngazi akipokea ndoo kutoka ndani na kunipa mimi niliyekuwa chini, nikazimwaga nje. Ndani Baba mdogo alikuwa anaimba, sauti yake ikirudi kutoka kwenye kuta za saruji kama ya watu wengi.

Halafu taa ikazimika. Feni ikapunguza mwendo, ikazunguka kivivu, ikasimama. Mgao wa umeme.

"Toka basi, tungoje," Baba alisema.

"Ndoo chache tu zimebaki," sauti ya Baba mdogo ikajibu kutoka ndani. "Mawingu hayangoji, kaka."

Akaendelea kuimba. Nilikwenda kumwaga ndoo yangu. Niliporudi kulikuwa kimya.

"Bahati?" Baba aliita. Aliinama, akatazama ndani. "Bahati!"

Nilimwona akirusha mguu juu ya ukingo.  Kichwa chake kikazama upande wa pili, nikasikia viatu vyake kwenye ngazi ya ndani, mara moja, mara mbili, kisha kitu kizito kikagonga chuma. Basi. Nikabaki nimeshika ndoo tupu. Nilipiga yowe ambalo sikujua linatoka kwangu.

Mama alifika wa kwanza, mikono myekundu kwa maji ya zabibu. "Baba yako yuko wapi?" Nilionyesha kidole juu. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi Bibi alipoingia.

Bibi alitazama feni iliyosimama. Alitazama tangi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile, kama vile mtu mwingine amekuja kusimama ndani yake. Alisema neno moja tu: "Mazuku."

Kisha alimshika Mama kiunoni, akamng'oa kwenye ngazi, akamtupa chini. Akaivuta ile ngazi ikaanguka kwa kishindo, na akaikanyaga kwa miguu yake miwili.

"Hakuna mutu anaingia humu!"

"Mume wangu yuko ndani!" Mama alipiga kelele.

"Na watoto wangu. Hakuna mutu anaingia!"

Mama alijaribu kupanda juu ya makreti. Bibi alimfuata, akamvuta, wakaanguka wote wawili kwenye maganda, na Bibi akamlalia kwa uzito wake wote. Mama alimpiga ngumi. Alimng'ata mkono, damu ikatoka, na Bibi hakuuondoa mkono. Babu alikuwa ameingia, anazungukazunguka kama kuku aliyekatwa shingo, akiinama kuichukua ngazi. Bibi akamfokea kutoka pale chini, "Baba Justin, acha ngazi! Mazuku yanatiririka kama maji. Piga mulango wa chini! Chini! Yatoke!" Kisha akanigeukia mimi. "Mapendo, kimbia kwa Shabani. Sema alete nyundo."

Nilikimbia. Viatu vilibaki njiani. Nilipofika spaza sikuweza kusema kitu isipokuwa "nyundo, nyundo," na Mzee Shabani hakuuliza. Aliacha duka wazi na mteja amesimama na pesa mkononi. Aliingia ghalani mwetu kwa mara ya kwanza maishani mwake, kofia yake nyeupe kichwani, akapiga magoti mbele ya mlango ule wa chuma kando ya Babu aliyekuwa anaupiga kwa jembe. Bibi alipaza sauti, "Musiweke kichwa mbele! Simameni pembeni!" Wakapiga kwa zamu. Kila pigo niliomba, kwa Kiingereza, kwa Kizulu, kwa lugha yoyote ambayo Mungu angekuwa macho kuisikia. Na chini ya Bibi, Mama alikuwa ameacha kupigana. Alikuwa anaita tu jina la baba yangu, polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto.

Mlango uling'oka. Makapi yakamwagika kwa mkupuo, na pamoja nayo kitu ambacho hatukukiona. Milango ya ghala ilikuwa wazi na mteremko ukakichukua. Bibi aliwazuia tena, "Ngojeni. Ngojeni!" Kungoja kule, ndugu zangu. Nimezaa, nimezika, lakini sijaona kitu kirefu kama kule kungoja.

Kisha akasema, "Sasa."

Walimtoa Baba mdogo kupitia ule mlango, wakimvuta kwa miguu. Alikuwa amelala chini kabisa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zabibu. Baba hakuwa ameanguka mpaka chini. Mkono wake ulikuwa umenaswa kwenye ngazi ya ndani, na kichwa chake kimebaki juu, kwa hiyo hewa nzuri ilimfikia kwanza. Mzee Shabani alimbeba hadi uani. Baba alikohoa. Mama aliruka juu yake akilia. Bibi alikuwa amepiga magoti kando ya Baba mdogo, anampulizia pumzi kinywani, anamkandamiza kifua kwa ile mikono yake ya kukanda, anapuliza, anakandamiza. Gari la wagonjwa lilifika baada ya muda mrefu, maana lilipotea njia, na mhudumu alipomgusa bega akamwambia aache, hakuacha. Walimwondoa kwa nguvu.

Na mvua ya mawe haikuja. Ilipita kaskazini mwetu, tukasikia tu ngurumo zake zikienda zao. Makreti yote yalibaki uani, yakaoza pale, na kwa wiki nzima nyuki wa vilima vyote walikuja kwetu kama waombolezaji.

Tulimzika Bahati kwa michango ya kanisa. Pale Jeppestown, wanawake walipokuwa wanapika, nilisikia wakinong'ona. Mama gani huyo, aliyewafungia njia wanawe? Ngazi aliiondoa mwenyewe. Mwingine akasema divai ya kule shambani ina kitu inachokunywa kabla ya kunywewa. Bibi alikuwa amekaa karibu, mkono umefungwa bandeji, alisikia kila neno. Hakujitetea. Nami, mjukuu wake, niliamini. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Nilikataa chakula chake, na nikaanza kumsemesha Kiingereza makusudi. Safari hii alinisikia. Alinipa mkate bila kusema lolote, na hilo lilinitisha zaidi.

Mama hakumsemesha kabisa. Waliishi nyumba moja, wakapika jiko moja, wakamwogesha Baba pamoja, bila neno. Maana Baba alirudi kutoka hospitalini, lakini hakurudi mzima. Mikono ilitetemeka. Maneno, ambayo hata zamani yalikuwa machache, yalimkimbia. Na mambo mapya hayakukaa kichwani mwake. Angekaa uani kwenye kreti, atazame mizabibu, kisha aulize, "Bahati yuko wapi?"

 Mara ya kwanza Bibi aliacha alichokuwa anafanya, akaenda, akachuchumaa mbele yake kwa shida, akamshika magoti. "Bahati alikufa, mwanangu. Tumemuzika." Na Baba akalia kama mtu aliyepata habari leo. Kwa sababu kwake ilikuwa leo. Baada ya siku chache akauliza tena. Bibi akaenda tena. Babu alimwambia, "Mama Justin, mudanganye tu, sema amesafiri." Bibi akasema, "Atamungoja. Hapana." Na hakuruhusu mtu mwingine ajibu swali lile. Nilidhani ni ukatili wake uleule.

Majira ya kupogoa yalipofika, Babu hakutoka. Alisema mizabibu ife. Bibi alichukua mkasi, akaenda peke yake kwenye sakitu. Asubuhi moja Mama alimtazama kutoka dirishani kwa muda mrefu, akafunga kitambaa, akachukua mkasi wa pili. Mimi nilitumwa kufuata nyuma nikiokota matawi. Walipogoa mstari mmoja, huyu upande huu, yule upande ule, mvuke ukiwatoka vinywani. Walikuwa wamefika mbali ndipo Mama aliposema, bila kuinua macho, "Mama, siku ile. Uliwezaje?"

Bibi hakusimamisha mkasi. Alisema kwao, karibu na Goma, chini ya milima ya moto, kuna mashimo ambamo hewa mbaya hutoka ardhini na kutuama. Haionekani, hainuki. Ndiyo mazuku. Mbuzi wao alishuka, akalala. Kaka yake akashuka kumfuata mbuzi, akalala. Mama yao alikuwa anatoka kisimani, akamwona mwanawe, akatupa mtungi, akashuka. Baba yao akaja mbio kutoka shambani. "Mimi nilikuwa juu na mutoto mugongoni," Bibi alisema. "Nilikuwa mudogo kama huyu Mapendo. Nilimuita kila mumoja. Walishuka mbele yangu. Hakukuwa mutu wa kuwaambia simameni."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa juu ya waya. Nami, mtoto niliyekuwa, mikono imejaa matawi, niliuliza kitu pekee kilichonijia akilini: "Na mbuzi?"

Walinitazama. Kisha Mama akaanza kucheka, kicheko kibaya kilichogeuka kilio, akazunguka nguzo ya mwisho wa mstari, akaenda upande wa Bibi. Sikuelewa kwa nini wanashikana vile. Nilikasirika kwamba hakuna aliyenijibu.

Bibi hayupo tena, wala Babu, wala Baba. Shamba tunalilima sisi sasa, mimi na Mama, na mwanangu anakimbia kati ya mistari akiimba nyimbo za shuleni. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, mwanangu akiwa kifuani mwangu ananyonya, ndipo siku moja hesabu yote ikanijia bila kuitwa. Niliona kwamba Bibi hakuwa mtu asiyetaka kushuka. Alikuwa mtu wa kwanza aliyetaka. Wanawe wawili walikuwa wanazimika nyuma ya ukuta, na mwili ule mzito wote ulikuwa unavutwa kule, na yeye akauweka juu ya mama yangu. Kama angempisha, Mama angeshuka, Babu angemfuata, na mimi ningebaki pale chini na ndoo tupu, nikimuita kila mmoja, kama alivyobaki yeye. Alinikataza kuwa yeye. Na gharama yake akailipa kila mara Baba alipouliza swali lile, akainuka yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyeamua, na hakutaka mwingine ashike moto alioushika.

Watu huniuliza kama nami ningeweza. Mwanangu akiwa mle ndani, na mimi nimesimama juu ya ngazi niliyoiangusha. Sijui. Kila mavuno namwomba Mungu nife bila kujua.